Atakapofika Mlali Mwandishi wa Historia wa Karne Ijayo



Mtu atokaye mjini Morogoro kwa barabara ya Iringa, akaiacha barabara hiyo kuu pale Sangasanga na kushika njia ya Mgeta, hufika Mlali kabla hajaanza kupanda. Mbele yake imesimama Milima ya Uluguru. Nyuma yake ni tambarare na ngurumo ya malori yaendayo Zambia na Kongo. Hapa mlima unapokutana na bonde ndipo panapofaa kumkaribisha, kwa muda wa mazungumzo haya, mtu ambaye bado hajazaliwa: mwandishi wa historia atakayefika Mlali baada ya miaka mia moja.

Mtu huyo atakuja na mkoba wa makaratasi na swali moja. Watu walioishi hapa walijiita nani, na majina hayo walipewa na nani?

Wako watakaomjibu upesi kwamba swali hilo lilijibiwa tarehe 9 Desemba 1961, na likafungwa kabisa tarehe 26 Aprili 1964: watu wa Mlali ni Watanzania. Jibu hilo ni la kweli, tena la heshima. Hata hivyo mwanahistoria hatosheki na jibu. Hutaka kujua lilipatikanaje, lilimgharimu nani, na lilidumu muda gani. Milima ya Uluguru ilikuwapo kabla ya taifa lolote, na mataifa yote yaliyopita chini yake yalikuwa wageni wake.

Karatasi ya kwanza katika mkoba huo itakuwa ya Kijerumani. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenzake walishuka Saadani, wakazunguka bara kwa majuma machache, wakarudi pwani na mikataba yenye alama za wakuu ambao hawakuweza kusoma neno lililoandikwa humo. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitia sahihi hati ya kuziweka chini ya himaya yake nchi nne: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Nchi nne tu. Hizo ndizo mbegu ya koloni kubwa lililokuja kuenea hadi kwenye maziwa makuu.

Na Ukami haukuwa mbali na hapa. Ni nchi iliyo chini ya milima hii, upande wa Morogoro na Mikese. Kwa hiyo, kwa mujibu wa makaratasi ya Berlin, Ukami ulikuwa nchi inayojulikana duniani, yenye jina katika hati ya mfalme, miaka mingi kabla ya neno Tanganyika kuwa jina la nchi yoyote. Jina hilo la Tanganyika Waingereza walilitangaza mwaka 1920. Hivi leo ni wangapi wanaoutaja Ukami? Wakami wapo, na ni watu wa heshima zao, lakini lugha yao ni miongoni mwa lugha ndogo kabisa za Mkoa wa Morogoro, na wataalamu wa lugha huihesabu pamoja na zile zilizo katika hatari ya kutoweka. Nchi iliyotajwa na Kaisari imefifia, na Uluguru, ambao hati hiyo haikuutaja hata kwa neno moja, bado upo midomoni mwa watu.

Hapo mwanahistoria atakuna kichwa. Ataona kwamba jina kuandikwa si jina kuishi, na atataka kujua kwa nini Uluguru uliishi.

Jina la Waluguru si jina la babu mmoja. Ni jina la mahali: watu wa mlimani. Koo zilizokutana humo zina masimulizi mbalimbali ya safari zao, nazo zilitoka pande tofauti. Ardhi ilishikwa na lukolo, yaani ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama, na wandewa ndio waliokuwa wakuu wa koo hizo. Mgeni aliyeomba shamba alipewa, naye akatoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mwanamume mgeni akioa humo, watoto wake walikuwa wa ukoo wa mama yao; basi katika kizazi kimoja tu damu ya ugenini iligeuka kuwa ya wenyeji, bila hati, bila kiapo na bila bendera. Wako wasomi wanaotafuta katika vitabu vya Ulaya maana ya uraia. Wangeweza kuanza kwa kumwuliza bibi mmoja wa Mgeta habari za lukolo yake.

Jambo ambalo Waluguru hawakuwa nalo ni mfalme mmoja wa mlima mzima. Kingalu wa Kinole alisifika kwa mvua, na sifa zake zilifika mbali. Lakini mvua si serikali. Waingereza, walipoanzisha katika miaka ya 1920 utawala wa kupitia wakuu wa wenyeji, walitaka kila kabila liwe na mkuu wake na kila mkuu awe na mpaka wake. Pale walipomkosa mkuu wa namna hiyo walimtengeneza. Kufikia miaka ya 1950 mlima wote ulikuwa chini ya Sultani mmoja, Sabu bin Sabu. Mwaka 1953, jirani kabisa na Mlali, ilifunguliwa Mzumbe, shule ya serikali za mitaa, kuwafunza kazi machifu, makarani na madiwani wa tawala hizo. Miaka kumi haikutimia, na mwaka 1963 Tanganyika huru ikaufuta uchifu wote. Shule ikabaki. Ilikuja kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu. Atakayeandika historia ya dhana ya kabila katika Afrika Mashariki angeweza kukaa pale Mzumbe akayatazama majengo tu, akapata nusu ya kitabu.

Katikati ya habari hiyo lipo tukio ambalo litamtia mwanahistoria katika mtihani mgumu zaidi. Tangu mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi mlimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Upande wa Matombo watu walichoka. Mwezi Julai 1955 palizuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Je, watu wale walisimama kama Waluguru wanaoutetea mlima wao, au kama Watanganyika wanaomkataa mkoloni? Vitabu vya uhuru vimekwisha sema kwamba walisimama kama Watanganyika, na havikukosea. Lakini upande wa Mgeta, ambako wakulima walikuwa wakilima mboga kwa maji ya mifereji, matuta hayakuchukiwa kiasi kile, na yapo yaliyoendelea kutumika baada ya mkoloni kwenda zake. Kabila lilikuwa moja, mlima mmoja na Sultani mmoja, na majibu yakawa mawili. Aliyelima kabichi kwenye maji alilipenda tuta lililomletea faida. Aliyelima mtama na mpunga kwenye mteremko uliochoka aliona jasho lake linapotea bure. Mwandishi atakayesema "Waluguru walikataa" au "Waluguru walikubali" atakuwa amerudia kosa la Waingereza, la kudhani kwamba kabila lina kinywa kimoja.

Mlali yenyewe imo katika vitabu vya mataifa makubwa, ingawa kwa mistari michache. Tarehe 24 Agosti 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Jenerali Enslin, walifika hapa kuwakatia njia askari wa von Lettow-Vorbeck waliokuwa wakirudi nyuma. Mapigano yalitokea, na Wajerumani wakaizunguka milima kuelekea Kisaki. Siku mbili baadaye Morogoro ilikuwa mikononi mwa jeshi la Jenerali Smuts. Vitabu huandika kwamba hapa Mwingereza alipigana na Mjerumani. Kwa hakika wengi wa askari wa Kijerumani walikuwa Waafrika, na waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa Waafrika, na katika vita hivyo vya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Hawakuwa taifa la mtu yeyote. Majina yao ndiyo pengo kubwa kuliko yote katika mkoba wa mwanahistoria.

Wala Waafrika Kusini hawakuishia kwenye farasi wa mwaka 1916. Kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969 wapigania uhuru wa chama cha ANC walikutana mjini Morogoro katika mkutano mkuu wa mashauriano, na humo wakaamua kuwafungulia watu wa rangi zote uanachama wa chama chao nje ya nchi. Katika mwaka 1977 Tanzania iliwapa ardhi ya Mazimbu. Hapo wakajenga shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wakajenga na makazi mengine Dakawa. Walipoondoka mwaka 1992 waliyakabidhi majengo kwa Serikali ya Tanzania, na leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Makaburi ya wenzao yamebaki pale. Basi sehemu ya jibu la swali la "Mwafrika Kusini ni nani" iliandikwa chini ya Milima ya Uluguru, ikalindwa na wakulima ambao wengi wao hawakupata kuiona Afrika Kusini hata katika picha. Ni vigumu kuona jinsi historia ya taifa moja inavyoweza kuandikwa ndani ya mipaka yake yenyewe.

Yafaa kukumbuka pia kwamba waandishi wa historia nao ni watu wa zama zao. Katika miaka ya 1960 walimu wa historia wa Dar es Salaam, tangu siku za Terence Ranger hadi kizazi cha Isaria Kimambo na Arnold Temu, walikuwa na kazi ya haraka: kuonyesha kwamba Mwafrika alikuwa na historia kabla ya Mzungu, na kwamba kutoka Maji Maji ya 1905 hadi uhuru wa 1961 ipo njia. Ilikuwa kazi ya ukombozi. Mwaka 1979 John Iliffe alionyesha katika kitabu chake kikubwa juu ya Tanganyika kwamba hata makabila yenyewe, yaliyodhaniwa kuwa ya kale kama mawe, mengi yalipata sura yake katika siku za ukoloni, na kwamba wenyeji walishiriki kuyajenga kwa sababu yaliwafaa. Kila kizazi huona kile ambacho shida zake zimemfundisha kukitafuta.

Kwa hiyo mgeni wa Mlali wa karne ijayo naye atakuja na shida ya wakati wake. Ikiwa atatoka katika Shirikisho la Afrika Mashariki lililokwisha simama, ataandika kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa ngazi tu za kupandia. Ataweka mbele utayari wa Mwalimu Nyerere, mwaka 1960, wa kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizo zipate uhuru kwa pamoja. Ataweka tamko la Nairobi la tarehe 5 Juni 1963, Jumuiya ya 1967, na mkataba mpya wa tarehe 30 Novemba 1999. Ataihesabu Jumuiya ilivyokua hadi kuwa na nchi nane, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia, mwaka 2024. Lakini ikiwa shirikisho halitakuwapo, mambo yale yale yatasomwa kinyume. Atakumbusha kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na ataiweka Afrika Mashariki katika kabati moja na Ukami: jina lililopendeza katika hati.

Makaratasi ni yale yale, na hukumu ni mbili zinazopingana. Kitakachoamua ni mambo ambayo hayamo katika mikataba: mtoto wa Mlali atakayekwenda kufanya kazi Kampala atapokewa vipi, na mtoto wa Bukavu atakayekuja Morogoro atapokewa vipi, na kama kuna sheria mpya ya kirafiki inayofanya kazi ile iliyofanywa zamani na lukolo. Katika hilo Kiswahili kimetangulia mbele ya wanasheria kwa masafa marefu.

Mkoba huo utakuwa na majina mengine madogo ya kuchekesha kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizaliwa Wilaya ya Mvomero, na Mlali ikawa ndani yake, huku ndugu zao wa Matombo na Kinole wakibaki Morogoro Vijijini. Mlima mmoja ukapata wakuu wa wilaya wawili. Katika maonyesho ya wakulima ya Nane Nane mkulima wa njegere wa Nyandira huhesabiwa kuwa mtu wa Kanda ya Mashariki, pamoja na mvuvi wa Pangani na mchuuzi wa Kariakoo. Hakuna ubaya; maonyesho lazima yagawanywe kwa namna fulani. Lakini wanasiasa wakianza kuomba kura kwa jina la kanda, kichekesho kinakwisha. Mwalimu Nyerere alipozungumza mwaka 1995 juu ya nyufa za taifa hakuwa akiwatisha watoto.

Lipo jambo moja zuri ambalo taifa hili lilifanya kimya kimya, na ambalo mwanahistoria ataligundua kwa kulikosa. Sensa ya mwaka 1967 iliuliza kila mtu kabila lake. Sensa zilizofuata, ile ya 1978, ya 1988, ya 2002, ya 2012 na ya 2022, hazikuuliza. Mtafiti wa karne ijayo atatafuta hesabu ya Waluguru wa Mlali, asiione. Mwanzoni atakasirika, kama wanavyokasirika watafiti wote. Baadaye huenda akaelewa kwamba jedwali lililoachwa tupu lilikuwa tendo la kisiasa. Na kabila halikufa kwa kutoandikwa. Likabaki pale linapofaa: katika ngoma, katika mahari, katika utani, mtani akija msibani kuwachekesha wafiwa na kuwatoza fedha kabla jeneza halijashuka. Hata jina la Tanzania, lililotangazwa rasmi tarehe 29 Oktoba 1964, anayetajwa kuwa alilipendekeza ni Mohammed Iqbal Dar, kijana aliyekulia Morogoro, mwenye asili ya Bara Hindi. Nchi ya kwanza ya eneo hili ilipewa jina na Kaisari ambaye hakulijua. Ya mwisho inasemekana ilipewa jina na kijana wa mtaani.

Pamoja na hayo, jambo la kutia wasiwasi lipo, nalo halifai kufunikwa. Wakati makabila ya zamani yalipokuwa yakiondolewa katika majedwali, mengine mapya yalikuwa yakizaliwa, na Mkoa wa Morogoro ndio mmojawapo wa wakunga. Majina yake ni "wakulima" na "wafugaji". Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa namna hiyo. Tangu hapo majina hayo mawili yamekuwa yakiandikwa katika taarifa za polisi, katika mihtasari ya vijiji, na katika magazeti, kana kwamba ni watu wa damu mbili. Ukienda upande wa Melela, mwendo mfupi tu kutoka Mlali, utawakuta Wamasai wanaolima mahindi. Na Mluguru mwenye ng'ombe watatu si kioja. Anayelima na kufuga ataandikwa wapi? Sultani wa Waluguru alitengenezwa kwa karatasi na Waingereza waliotaka kazi yao iwe rahisi. Mkulima asiyefuga na mfugaji asiyelima wanatengenezwa kwa karatasi na Watanzania, kwa sababu ile ile, na safari hii hakuna mkoloni wa kulaumiwa. Kila kichwa cha habari kisemacho "wafugaji wavamia" au "wakulima washambulia" ni jiwe moja katika ukuta wa kabila jipya, na magazeti hayana budi kujitazama.

Mwanahistoria wa kesho ataziona habari hizo mapema kuliko habari yoyote ya amani, kwa sababu ugomvi huandikwa na maelewano hayaandikwi. Siku ambayo mifugo ilinyweshwa kwa zamu na mashamba yakapata maji, hakuna karani aliyeona haja ya kuchukua kalamu. Mwenye kusoma majalada ya mahakama peke yake ataamini kwamba watu wa Mvomero waliishi karne nzima wakikimbizana na marungu na mikuki.

Ndiyo maana, akishamaliza nyaraka za Berlin, za London, za Arusha na za Dodoma, atakwenda kuomba daftari la mikutano ya kijiji, ikiwa mchwa watakuwa wamemwachia. Tuseme analifungua kwenye ukurasa mmoja wa miaka hii. Ajenda ni mfereji. Waliohudhuria wameorodheshwa kwa mkono: jina la Kiluguru, jina la Kimasai, la Kisukuma, la Kipogoro, na moja lililofutika ambalo halisomeki. Hakuna safu ya kabila wala ya kanda. Chini ya orodha imeandikwa nani atafungua maji Jumatatu na nani Jumanne, na kwamba lango la mifugo litahamishwa upande wa juu baada ya mavuno. Kisha sahihi mbili, na alama ya kidole gumba kwa wino wa buluu.